Kukata, kujenga au kuhamisha: uchague kimeng'enya gani cha sukari ukiwa Kisumu au Nakuru

Wanaoanza utafiti wa vimeng'enya vya sukari changamano, yaani protini zinazovunja au kujenga minyororo ya sukari, katika vyuo vya ukanda huu, iwe Maseno, Kakamega, Bondo au Njoro, mara nyingi huja na pendekezo la aina mbili. Wengine wanataka kuyavunja magugu maji ya Ghuba ya Winam au bagasi (makapi ya miwa) ya Muhoroni hadi ipatikane glukosi, kisha ethanoli. Wengine wanataka kujenga sukari adimu, kama zile za maziwa ya mama au zile za ganda la bakteria zinazotumika kwenye chanjo. Pendekezo la kwanza huonekana rahisi, la pili huonekana la kisasa. Kwa maabara yenye spektrofotomita moja (mashine ya kupima rangi ya mmumunyo), friji inayotegemea umeme wa kukatikakatika na bajeti ya shilingi, mimi naona yote mawili yana hatari ya kukwama. Kuna kundi la tatu, la vimeng'enya vya kuhamisha sukari, linalolifaa eneo la miwa kuliko hayo, na sijui kwa nini halizungumzwi zaidi.

Nalinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayetaka kuchukua kimeng'enya kimoja, akibadilishe, na aone kama badiliko limeleta faida, yote ndani ya miaka miwili ya uzamili. Maswali mawili ndiyo yanayoamua, na nitayarudia kila mara: utayaonaje matokeo, na malighafi utaitoa wapi?

Kwanza tuelewane kuhusu kinachokatwa na kinachojengwa. Wanga wa muhogo na selulosi ya bua la mtama vyote ni minyororo ya glukosi. Tofauti iko kwenye kiungo: cha wanga kimeelekea upande mmoja, kile cha selulosi upande wa pili, na kwa sababu hiyo ugali unameng'enywa tumboni ilhali karatasi inapita ilivyo. Kiungo kimoja kikibadilika, chakula kinakuwa ubao. Ndiyo maana vimeng'enya vya sukari ni vingi mno. Hifadhidata ya CAZy, iliyoanzishwa Ufaransa na Bernard Henrissat na wenzake, ina zaidi ya familia 170 za vimeng'enya vya kukata na zaidi ya 100 za kujenga.

Vya kukata

Hivi hutumia maji kuvunja kiungo kati ya sukari mbili. Kazi yenyewe hufanywa na asidi amino (matofali ya protini) mbili tu, kwa kawaida aspateti au glutameti, zilizokaa zikitazamana kwenye shimo la kimeng'enya. Mwaka 1953 Daniel Koshland alieleza kwamba zipo njia mbili. Katika ya kwanza, maji hugonga moja kwa moja na mwelekeo wa kiungo hugeuka. Katika ya pili, kimeng'enya hujifunga kwanza na sukari, kikaishikilia kwa muda mfupi, ndipo maji yakaja kuiachilia, na mwelekeo ukabaki vilevile. Shika hiyo njia ya pili, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa vimeng'enya vya kuhamisha.

Faida kubwa ya kukata ni kwamba matokeo yanaonekana kwa macho. Mimina iodini kwenye kisahani cha agari yenye wanga: kote kunakuwa buluu nyeusi, isipokuwa pale koloni la bakteria lilipotoa amilasi, kikataji cha wanga, ambapo panabaki duara jeupe. Kwa selulosi unatumia rangi nyekundu ya Kongo na kuisuuza kwa maji ya chumvi. Ukitaka namba, kuna rijenti ya asidi ya dinitrosalisili, ile ya mbinu ya Miller ya 1959, ambayo unachemsha na sampuli na kusoma kwenye nanomita 540. Ni ya bei nafuu na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuitengeneza mwenyewe. Vilevile kuna sukari zilizofungwa na paranitrofenoli: zikikatwa, maji yanakuwa ya manjano. Kwa swali letu la kwanza, kukata kunapata alama zote.

Shida iko kwenye malighafi na kwenye ushindani. Gugu maji zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Ukivuna tani kumi pale Dunga, unabaki na chini ya tani moja ya kitu kikavu, na kabla ya kufikiria kimeng'enya umeshalipa mashua, vibarua na lori. Kwa bagasi hesabu ni nyingine kabisa. Ni kavu zaidi, ipo kiwandani tayari, na kati ya asilimia 40 na 45 ya uzito wake mkavu ni selulosi. Lakini kiwanda cha sukari hakiioni kama taka. Kinaichoma kwenye boila kupata mvuke, na wapo wanaoitengenezea karatasi. Ukienda kuomba bagasi ya bure kwa mradi mkubwa, jibu litakuwa: tukikupa wewe, tuchome nini?

Kisha kuna lignini, gundi ngumu inayoifunika selulosi. Bila kuipika bagasi kwanza kwa asidi, kostiki soda au mvuke wa shinikizo, kimeng'enya hakifiki kwenye chakula chake. Na hata kikifika, hakitoshi kimoja. Panahitajika kinachokata katikati ya mnyororo, kinachotafuna kutoka mwisho, na kinachomalizia vipande vya glukosi mbilimbili. Kuna hata cha nne, kinachokata kwa kuoksidisha badala ya kutumia maji: watafiti wa Norwe walikionyesha mwaka 2010 kwenye kitini, sukari changamano ya magamba ya kaa, na baadaye kikaonekana kwenye selulosi. Kuvu anayezalisha vimeng'enya hivi viwandani, Trichoderma reesei, alipatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akila turubai za jeshi la Marekani, na tangu hapo kampuni kubwa zimemboresha mfululizo. Mwanafunzi wa Kisumu anayesema atatengeneza selulasi (kikataji cha selulosi) bora ya bagasi anashindana na miaka zaidi ya 70 ya kazi hiyo. Sisemi haiwezekani. Nasema hapo si mahali pa kuanzia.

Vya kukata vyenye nafasi hapa kwetu ni vile vyenye tatizo dogo na lililo wazi. Miwa ikikatwa ikalala shambani au kwenye trela siku kadhaa ikingoja zamu ya kiwanda, bakteria aina ya Leuconostoc huingia na kuunda utelezi uitwao dekstrani. Utelezi huo huifanya juisi kuwa nzito, hupunguza kasi ya kuchuja na huharibu umbo la fuwele. Kimeng'enya kinachokata dekstrani, kikiweza kuvumilia joto la juisi kiwandani, kina mteja anayejulikana kwa jina na barabara.

Vya kujenga

Vimeng'enya ambavyo mwili wenyewe hutumia kujenga sukari changamano vinaitwa glikosiltransferasi. Haviunganishi glukosi tupu. Vinahitaji glukosi iliyobebeshwa nishati kwa kufungwa kwenye UDP, molekuli ndogo ya kubebea sukari ndani ya seli, na aliyegundua sukari za aina hiyo, Luis Leloir wa Argentina, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970. Usahihi wake ni wa ajabu: sukari hii, kwenye nafasi ile, kwa mwelekeo huu, bila kukosea. Hakuna mkemia anayefikia usafi huo bila hatua nyingi za kufunika na kufunua sehemu za molekuli.

Lakini rudi kwenye maswali mawili. Malighafi, yaani UDP-glukosi, ni kemikali ya maabara inayouzwa kwa miligramu na gramu, huagizwa nje, na husafirishwa kwenye baridi. Mmenyuko ukiendelea, UDP inayobaki hukiziba kimeng'enya na kazi inapungua. Vingi vya vimeng'enya hivi hukaa kwenye utando wa seli, na ukivizalisha ndani ya E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara, hujikunja vibaya na kuganda. Kuhusu kuona matokeo, hakuna rangi. Kiungo kipya hakitoi manjano wala buluu. Unahitaji HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali, au mashine ya kupima uzito wa molekuli, na kupata zamu kwenye mashine hizo ni kazi ya kubembeleza watu.

Mbinu moja ya ujanja inastahili kutajwa, hata kama nitaishia kuikataa. Mwaka 1998 kundi la Stephen Withers huko Vancouver lilichukua kimeng'enya cha kukata, cha ile njia ya pili ya Koshland, likaondoa asidi amino iliyofanya kazi ya kushika sukari, glutameti nambari 358, na kuweka alanini. Kikawa hakiwezi tena kukata. Kisha wakakipa sukari yenye florini, ambayo umbo lake linafanana na ile hatua ya katikati, na kimeng'enya kikaiunganisha na sukari nyingine. Kwa kuwa meno yameng'olewa, kilichojengwa hakivunjwi tena. Viliitwa glikosinthasi. Kwa akili ya uhandisi ni kazi nzuri mno, na ningependa kila darasa la baiokemia liisome. Ila sukari ya florini hutengenezwa na mkemia mzoefu kwa kutumia haidrojeni floraidi, kitu kinachounguza mpaka mfupa, na ikikaa majini huanza kuharibika yenyewe. Kama chuo chako kina mkemia wa sukari mwenye vifaa vya usalama, fikiria. Kama hakina, soma makala, furahi, endelea mbele.

Vya kuhamisha

Hapa ndipo ningeweka pesa. Vimeng'enya vya kuhamisha ni ndugu wa vile vya kukata: hujifunga na sukari kama katika njia ya pili ya Koshland, lakini badala ya kuyaachia maji, huipeleka sukari kwenye mnyororo mwingine. Na vingi vyake hula sukrosi. Sukari ya mezani. Ile ya Kibos, Chemelil na Muhoroni.

Sukrosi inafaa kwa sababu ya nishati iliyo ndani ya kiungo chake. Kuvunja kiungo kati ya glukosi na fruktosi hutoa takriban kilojuli 29 kwa moli, karibu mara mbili ya zile 15.5 za maltosi, yaani glukosi mbili zilizoungana. Nishati hiyo inatosha kusukuma ujenzi bila UDP. Kwa maneno mengine, kazi ile ile ambayo glikosiltransferasi huidai kwa kemikali ya kuagiza, vimeng'enya hivi huifanya kwa kitu kinachouzwa dukani kwa kilo.

Ndani ya kundi hili kuna uchaguzi mwingine, na usipokuwa makini utachagua vibaya. Dekstransukrasi, ile ile inayoleta utelezi kwenye miwa iliyolala, ndiyo maarufu zaidi. Makoloni ya bakteria wake kwenye agari ya sukrosi hung'aa na kuteleza, kwa hiyo unaiona bila mashine. Lakini ni protini kubwa sana, zaidi ya kilodaltoni 160 (kipimo cha uzito wa protini), na E. coli huizalisha kwa shida, mara nyingi ikiwa vipande. Kwa mradi wa kwanza singeigusa. Levansukrasi ya Bacillus subtilis ni ndogo, kama kilodaltoni 50, hutolewa nje ya seli, na hujenga mnyororo wa fruktosi uitwao levani. Hiyo ni chaguo zuri, hasa kwa mtu mwenye nia ya vyakula vya kulisha bakteria wema wa tumbo.

Chaguo langu ni amilosukrasi kutoka kwa Neisseria polysaccharea. Ina kilodaltoni kama 70, E. coli huizalisha vizuri, na kutoka kwenye sukrosi hujenga mnyororo wa glukosi wenye viungo vya aina ile ya wanga. Unaona inapotuelekeza? Wanga huonekana kwa iodini. Otesha makoloni kwenye agari yenye sukrosi, yapitishie mvuke wa iodini, na lile lenye kimeng'enya hai linageuka buluu. Malighafi ni sukari ya dukani, na jicho lako ni chupa ya iodini iliyoko katika maabara ya shule yoyote ya upili ya Vihiga.

Namba nazo zinapatikana kwa bei ya chini. Kimeng'enya kinapovunja sukrosi, fruktosi hubaki. Ikiwa glukosi imehamishwa kwenye mnyororo, haionekani. Ikiwa imeangukia maji, huonekana. Kwa hiyo pima sukari zote zilizoachiliwa kwa rijenti ya Miller, ambayo haioni sukrosi yenyewe, kisha pima glukosi peke yake kwa kifaa cha glukosi oksidasi kama wanachotumia maabara za hospitali. Toa glukosi mara mbili kutoka kwenye jumla, na kinachobaki ni kadirio la kiasi kilichohamishwa kweli. Wengi hupima fruktosi tu na kutangaza kwamba kimeng'enya chao kimeboreka, kumbe wametengeneza kikataji hodari. Msimamizi wako asipouliza swali hilo, mtahini wa nje ataliuliza.

Na si kazi ya kitoto. Mwaka 2009 watafiti wa Toulouse walichapisha kazi ambamo waliibadilisha amilosukrasi ili iweke glukosi kwenye sukari ambazo kwa asili haizitambui vizuri, kama hatua ya kujenga vipande vya ganda la Shigella flexneri, bakteria wa kuhara damu. Yaani ile ndoto ya chanjo iliyowaleta wengine kwenye kundi la kujenga inafikiwa, angalau nusu ya safari, kupitia mlango huu.

Nafungua mabano kwa wenye moyo wa kujenga bado: kuna daraja. Mimea ina kimeng'enya kiitwacho sinthasi ya sukrosi, ambacho kikipewa sukrosi na UDP hutoa UDP-glukosi na fruktosi. Ukikiweka katika chupa moja na glikosiltransferasi, UDP iliyokuwa inaziba kazi inarudishwa kubebeshwa glukosi nyingine, na unahitaji kiasi kidogo tu cha kemikali ya kuagiza. Hivyo ndivyo utamu wa stevia, mmea unaolimwa Kericho, unavyoweza kuboreshwa kwa kuongezewa glukosi. Ni mradi wa vimeng'enya viwili kwa pamoja, hivyo uache kwa shahada ya uzamivu.

Kubadilisha kwa bahati au kwa mchoro

Ukishachagua kimeng'enya, unakikarabatije? Kuna wanaotaka kunakili jeni kwa makosa ya makusudi na kuchuja maelfu, njia iliyompa Frances Arnold Nobel mwaka 2018. Kuna wanaotaka kutazama umbo la protini kwenye kompyuta na kuchagua asidi amino ya kubadilisha.

Hesabu ndiyo inayoamua. Protini ya asidi amino 300 ina mabadiliko 5,700 ya nafasi moja moja. Ya nafasi mbili kwa pamoja ni zaidi ya milioni 16. Hakuna wa Njoro wala wa Maseno atakayechuja milioni 16 kwa pipeti ya mkono. Kwa upande mwingine, ukichagua nafasi moja iliyo karibu na shimo la kimeng'enya na kuibadilisha kuwa kila asidi amino inayowezekana kwa mbinu ya kodoni 32 (kodoni ni herufi tatu za jeni zinazotaja asidi amino moja), makoloni kama 96 yanatosha kukupa nafasi ya asilimia 95 ya kuona chochote kile. Hiyo ni sahani moja ya vishimo 96. Nafasi kumi ni sahani kumi.

Kwa hiyo tumia mchoro kuchagua nafasi, na bahati kuchagua asidi amino. Umbo la amilosukrasi limepigwa picha kwa miale ya eksirei na linapatikana bure. Kwa vimeng'enya visivyopigwa picha, makadirio ya AlphaFold, programu ya kukisia umbo la protini, yako wazi mtandaoni. Hiyo ndiyo njia ya katikati yenye mantiki nzuri, basi itumie.

Nakuru si Kisumu

Yote haya nimeyasema nikiwa na miwa akilini. Aliyeko Njoro ana mtaji mwingine. Ziwa Nakuru na Elementaita yana maji ya magadi yenye pH karibu na 10, na ukipanda hadi Bogoria unakuta pia chemchemi zinazotokota. Bakteria wanaoishi humo wana vikataji vinavyostahimili sabuni na joto bila kurekebishwa. Kwa mtu wa Nakuru, basi, ningegeuza ushauri: chukua kukata, tena selulasi au amilasi ya magadi, na uhandisi wako uwe wa kuongeza kile ambacho asili imeshaanza. Hapo hushindani na kuvu wa turubai, kwa sababu yeye hupenda asidi.

Thamani yake imeshathibitishwa na wengine. Sampuli zilizochukuliwa na watafiti wa kigeni katika maziwa haya mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilizaa selulasi za kulainisha nguo za jinzi na za kuwekwa kwenye sabuni, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilijitokeza kudai sehemu ya faida. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini mkataba wa ushirikiano na Novozymes ya Denmark. Tangu 2006 Kenya ina kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu kufikia rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake, na zinamhusu hata Mkenya anayechota chupa moja ya matope kwa utafiti wenye nia ya biashara.

Anayefanya amilosukrasi hahitaji kuchota matope; jeni inaagizwa ikiwa imeundwa kwa kemia kutokana na mfuatano ulio wazi. Lakini akishaiweka ndani ya E. coli, ameingia chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009, na atahitaji kibali cha kazi ya ndani ya maabara kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, kupitia kamati ya chuo chake, pamoja na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Peleka fomu hizo kabla ya kuagiza jeni. Wakati zinazunguka ofisini, fanya mazoezi ya rijenti ya Miller kwa sukrosi uliyoivunja kwa asidi, mpaka mstari wako wa vipimo unyooke.